Kupanda Kilima Kifupi Kidepo: Yanayosemwa na Yaliyopo

Vilima vya Lomej viko mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu kutoka makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, kule Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Ukifika juu, nyika yote iko chini yako, na ukibahatika unamwona tohe wa milimani akikutazama kutoka kwenye mawe. Ni matembezi ya asubuhi moja tu. Lakini wasikilize watu wa Kampala wakiyapanga, utadhani wanakwenda vitani. Wanaogopa bunduki, simba na nyoka, kisha wanataka kupanda saa saba mchana na chupa moja ya soda. Hofu yote wameielekeza pasipo hatari kubwa. Haya hapa wanayosema, moja baada ya jingine, na yaliyopo.

"Kidepo ni jangwa."

Wanajiografia wengi huita jangwa mahali panapopata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Bonde la Narus, upande wa kusini wa hifadhi, hupata karibu 890, na bonde la Kidepo lenyewe kama 635. Hiyo ni nyika kame, si jangwa. Kinachoifanya ionekane jangwa ni mpangilio wa mvua yenyewe. Kusini mwa Uganda tumezoea misimu miwili. Huko kuna mmoja, takriban Aprili hadi Oktoba, halafu mbingu inafunga kwa miezi. Mto Kidepo unabaki mchanga mtupu mvua zikikatika, ilhali Narus hubakiwa na madimbwi, na nyati, tembo na pundamilia hujazana huko.

Ndiyo maana aliyekwenda Februari na aliyekwenda Agosti wakisimulia, unadhani wametembelea hifadhi mbili tofauti. Kwa mtembea kwa miguu, mimi nachagua kiangazi pamoja na joto lake. Mvua ikikolea, nyasi hufika kifuani na huoni kilicho mbele yako, na udongo mweusi wa mbugani hunasa gari hata kabla hujafika mwanzo wa njia.

"Ni mwendo mfupi, maji ya nini?"

Hapa ndipo watu huumia. Kiangazi cha Kidepo kinaweza kukaribia nyuzi 40. Mtu wa Kampala amezoea nyuzi ishirini na kitu, na hewa yenye unyevu wa ziwa. Akitoka jasho shati linalowa, naye anajua anapoteza maji. Katika hewa kavu ya Karamoja jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo unajiona mzima kumbe unakauka. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto la namna hiyo, nawe umeshuka kwenye gari jana jioni.

Anayepanda juani huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kwa asubuhi ya Lomej, kwenda na kurudi pamoja na kukaa juu kutazama, kila mtu abebe lita mbili zake mwenyewe, asitegemee za mwenzake. Kunywa lita nzima kwa mkupuo kabla ya kuondoka hakusaidii, maana tumbo si tangi la akiba. Sehemu kubwa utaikojoa njiani. Kunywa kidogo kidogo. Ongeza kitu chenye chumvi, karanga au biskuti, kwa sababu jasho huondoka na chumvi, na maji matupu kupita kiasi nayo huleta matatizo. Bia za jana usiku hazihesabiki kuwa maji, hata zikiwa za baridi kiasi gani.

Kichwa kikianza kuuma, misuli ikikaza, ukiona kizunguzungu, kaa kivulini, kunywa, na safari iishie hapo. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba, hiyo ni dharura: ni kiharusi cha joto. Mmwagie maji mwilini, mpepee, apelekwe hospitali haraka, na usimnyweshe kwa nguvu kama fahamu zake hazijakamilika. Wengi wanaamini kwamba ngozi lazima iwe kavu ndipo hali iwe mbaya. Si kweli. Aliyekuwa akipanda mlima anaweza kuwa amelowa chapachapa na bado yuko hatarini.

"Tungoje saa tisa, jua litakuwa limelegea."

Saa tisa alasiri ndiyo joto liko kileleni. Hata saa sita yetu haiendi sawa na jua: Uganda inatumia saa za eneo lililo mashariki zaidi, kwa hivyo Kidepo jua hufika utosini karibu saa saba kasoro robo. Ondokeni kunapopambazuka, mwe mmerudi kabla ya saa tatu na nusu. Anayependa machweo naye ajue kwamba huku karibu na ikweta giza haliji polepole. Jua likizama muda mfupi kabla ya saa moja, dakika ishirini baadaye huoni jiwe unalokanyaga.

"Sisi weusi jua halituwezi."

Ngozi nyeusi huzuia sehemu ya miale ya urujuanimno, na kweli hatuungui upesi kama Mzungu anayekuwa mwekundu kwa nusu saa. Lakini kuzuia miale ni jambo moja, na kustahimili joto ni jingine. Melanini, ile rangi ya ngozi, haipoozi damu. Macho nayo hayakingwi na weusi wa ngozi, na jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho. Kofia pana na mikono mirefu. Ukiwa na shaka, mtazame mchungaji wa Kidodoth, kabila la wafugaji wa huko: shuka lake liko mabegani mchana kutwa, na halivai kwa ajili ya baridi tu.

"Askari mwenye bunduki ni wa kupamba picha."

Hairuhusiwi kutembea kwa miguu hifadhini bila askari wa hifadhi, na sababu inaonekana wazi ukijua tabia za simba wa Kidepo. Wanapenda mawe. Katika bonde la Narus huonekana wamejilaza juu ya miamba iliyochomoza kwenye nyasi, kwa sababu ileile inayokupeleka wewe juu: upepo, na kuona mbali. Kwa hiyo usimtangulie askari kwenye mwamba mzuri ili uwahi picha. Yeye huangalia kwanza.

Bunduki ni ya mwisho kabisa. Kinachokulinda ni macho yake: anasoma kinyesi, anasikia ndege wakigutuka, anajua upepo unavumia wapi. Wanaomfanya atembee kwa uangalifu si simba pekee. Nyati dume mzee aliyejitenga na kundi, amelala kichakani, ni hatari zaidi kwa mtu anayetembea. Akisema simameni, simameni. Ukikutana na simba usikimbie. Kukimbia ndiko kunakomwita.

"Mto mkavu hauna neno."

Mchanga wa mto Kidepo ni mpana, mweupe, unaalika watu kutandika mkeka. Msimu wa mvua usikubali. Mvua hunyesha milimani na wewe hapo huoni wingu, kisha maji yanateremka kwa kishindo.

"Nyoka watatumaliza."

Wengi wao huhisi mtikisiko wa hatua zako na kuondoka. Kifutu ndiye anayebaki, kwa kuwa hutegemea kutoonekana, basi tazama unapoweka mguu na usiingize mkono kwenye nyufa za mawe. Mtu akiumwa usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Atulie, mguu usisogezwe, apelekwe hospitali.

"Watu wa huko ni wakali."

Wizi wa mifugo kwa bunduki ulikuwepo, tena wa kutisha. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa na bunduki zikasambaa Karamoja nzima. Serikali ilianza kukusanya silaha mwaka 2001, na kazi hiyo imelazimika kurudiwa. Uliza hali ya barabara kabla ya kuondoka, hasa ukipita Moroto badala ya Kitgum. Hiyo ni busara. Kulipaka tope kabila zima ni jambo jingine.

Waik, kabila dogo la mlima Morungole, ule unaouona kusini-mashariki ukiwa juu, wamebebeshwa zaidi. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi nao miaka ya 1960, na mwaka 1972 akachapisha kwamba wamepoteza utu, hata upendo kwa watoto wao. Aliwakuta katika njaa kali. Mwanaisimu Bernd Heine, aliyeifahamu lugha yao, aliyapinga maelezo hayo mwaka 1985. Ukitaka kuwatembelea, tenga siku nzima na miguu yenye nguvu: Morungole unafika mita 2,750, na si Lomej.

"Hifadhi ni za Wazungu."

Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo ya anacholipa mgeni kwa dola. Kinachokula pesa ni usafiri, kwa kuwa Kidepo ni safari ya siku nzima kutoka Kampala. Jazeni gari, mgawane mafuta, na kila mtu abebe kitambulisho cha taifa, maana langoni ndicho kitakachoonyesha kwamba unastahili bei ya mwananchi.