"Nyumba ya tofali, bati juu, itaungua nini?"

Kila Juni, nyasi za vilima vya Mwanza zikianza kukauka, nikimwambia mwenye nyumba aikinge na moto wa nyasi, ananijibu hivyo huku akigonga ukuta kwa kiganja. Kisha anaongeza: "Tena hapa tumekaa juu ya jiwe." Sawa, mzee. Tofali haliungui, jiwe haliungui. Sasa tupande darini.

Darini kuna kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba paa, ambazo bati limezikausha miaka mingi, vumbi, viota vya ndege na nyaya za umeme. Moto wa nyasi si lazima uguse ukuta wako ili kufika huko. Unatanguliza cheche, na cheche hupeperuka na upepo. California, ambako mitaa mizima imeshateketea, wachunguzi wamekuta kwamba cheche huwasha nyumba nyingi kuliko ndimi za moto zenyewe.

Simama chini ya ukingo wa paa uangalie pale bati linapokutana na fishabodi, ule ubao wa ukingoni. Kila mkunjo umeacha tundu. Kwa bati la msauzi, lenye mikunjo mikubwa, matundu hayo ni makubwa zaidi, na ndege wanayajua kuliko fundi wako: wameshaingiza majani makavu, zimebaki cheche tu. Toa viota kwanza. Kama bado unajenga, pandisha tofali katikati ya kenchi hadi karibu na bati, kwa mota ya saruji moja kwa mchanga nne. Usizibe kila kitu, maana paa lisilopumua litawapika waliomo ndani. Acha matundu ya hewa, uyawekee wavu.

Na hapa kwenye wavu ndipo ninapogombana na watu. Wavu wa kuku hauzuii cheche. Wavu wa mbu wa plastiki unayeyuka, halafu tundu linabaki wazi. Unaotakiwa ni wa chuma kisichoshika kutu, matundu yasiyozidi milimita 3. Ukienda dukani huna rula, chukua njiti ya kiberiti: kichwa chake kikipita bila kugusa waya, wavu huo urudishe. Wavu wenye matundu madogo zaidi nao una shida yake. Unashika vumbi na utando wa buibui hadi hewa haipiti, na utando wenyewe unawaka, kwa hiyo usugue kwa brashi kila kiangazi. Sitakudanganya kwamba milimita 3 zinazuia zote. Cheche kubwa ikikwama huendelea kuungua hadi ikawa ndogo ya kupenya, ila ikishapenya inakuwa imebakiwa na joto kidogo.

Gata: zoa majani. Hilo halihitaji maelezo.

Mita 1.5 kuzunguka ukuta pasiwe na kitu kinachowaka. Yaani gunia la mkaa, kuni, mabaki ya mbao za ujenzi, mkeka, ua la michongoma lililokauka, vyote viondoke hapo. Nyasi zilizofyekwa zikaegemezwa ukutani ni mbaya kuliko zilipokuwa zimesimama. Wengine wananiletea kanuni ya California ya kusafisha mita 30. Kiwanja chako kina mita 20 kwa 20, hizo 30 utazipata kwa jirani? Ninachoshauri ni hiyo 1.5 iwe safi kabisa, na sehemu iliyobaki nyasi zisizidi sentimita 10. Lakini kwenye mteremko usikwangue udongo ukabaki mtupu, mvua za Novemba zitauteremsha hadi barabarani. Mwaga kokoto, unene wa sentimita 5.

Turudi kwenye jiwe. Jiwe lenyewe halina neno, shida ni pengo kati ya jiwe na jiwe. Upepo unajaza humo majani ya mwembe, mifuko na makaratasi, na moto ukiingia unafukuta chini kwa chini kwa saa nyingi baada ya watu kwenda kulala. Pengo lililosimama wima linavuta hewa kama bomba la moshi. Kuna kanuni ya Australia isemayo kila nyuzi 10 za mteremko huongeza mwendo wa moto maradufu. Kwenye vilima vyetu vya mawe yaliyotawanyika sina hakika inashika vilevile, kwa sababu nyasi zinakatikakatika. Ila upande moto utakakotokea nina hakika nao: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na moto wenyewe hupenda kupanda. Mwenye nyumba juu ya mteremko unaotazama ziwa, hatari yako iko chini yako. Na anayechoma taka saa nane mchana anawachomea walio juu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima kuhusu moto na vibali vya kuchoma. Isomeni.

Maji: simtanki kwenye mnara wa mita 3 linakupa msukumo wa baa 0.3 tu, mpira hautarusha maji hadi kwenye paa, na umeme ukikatika pampu itazimika. Weka ndoo na ngazi. Tanki la plastiki nalo likipata moto huyeyuka hadi usawa wa maji, kwa hiyo kiangazi liwe limejaa.

Piga 114, namba ya zimamoto, kabla hujaanza kubeba ndoo, usingoje moto ukushinde. Taja mtaa, na msikiti, kanisa au duka la karibu, kisha tuma kijana akasimame pale lami inapoishia. Gari la zimamoto halipiti kichochoro cha bodaboda, na askari watahitaji mtu wa kuwaonyesha ni ngazi gani kati ya mawe inayofika kwako.