Milimita za Skana ya Leza na Jengo la Kale

Vipeperushi vya skana za leza, yaani vifaa vinavyopima umbo la jengo kwa kurusha mwanga wa leza kwenye nukta nyingi, hutaja kosa la milimita mbili au tatu, na mara nyingi tarakimu hiyo huhamishiwa kama ilivyo kwenye ripoti ya jengo zima. Utaratibu huo haufai, kwani tarakimu ya kiwandani huhusu nukta moja iliyopimwa kutoka mahali pamoja, ilhali jengo la kale haliwezi kupimwa hivyo.

Tuuchukue Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao wataalamu wa mradi uitwao Zamani (Zamani Project) wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameupima kwa leza. Upande wake wa kusini umejaa nguzo zinazobeba matao na kuba, na kila nguzo huficha iliyo nyuma yake, hivyo mpimaji hulazimika kuhamisha skana mara nyingi na baadaye kuunganisha mawingu ya nukta, yaani makundi ya nukta zilizopimwa kutoka kila mahali, kuwa wingu moja. Hapo ndipo makosa makubwa hutokea. Kila muungano huongeza kosa dogo, na mlolongo mrefu usiorudi ulikoanzia huyalimbikiza makosa hayo hata ukuta mmoja ukaonekana kama kuta mbili zilizokaribiana. Programu hutoa takwimu yake ya makosa, lakini hiyo huonyesha tu jinsi mawingu yanavyopatana yenyewe kwa yenyewe. Yanaweza kupatana vizuri na yote yakawa yamepinda. Ndiyo maana alama za rejea hupimwa kando kwa totali stesheni, chombo cha wapima ardhi kinachopima pembe na umbali, na baadhi yake hazitumiki kabisa katika kuunganisha, bali huachwa kwa ajili ya uhakiki.

Uso wa jengo nao huchangia. Skana nyingi hupima muda ambao mwanga hutumia kwenda na kurudi, na milimita moja ya umbali ni takriban pikosekunde 7 tu (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Kwenye ukingo wa nguzo, doa la leza huangukia nusu kwenye nguzo na nusu kwenye ukuta wa nyuma, nayo skana huandika nukta inayoelea katikati, pasipo na kitu. Mawe ya matumbawe yenye vitundu na chokaa iliyolowa huongeza utata.

Kwa mchoro wa 1:50, ambapo mstari wa milimita 0.2 huwakilisha sentimita nzima, makosa haya madogo huvumilika. Kufuatilia ukuta unaoinama ni jambo jingine: vipimo viwili vyenye kosa la milimita 5 kila kimoja vikitofautiana kwa milimita 4, hakuna ushahidi kwamba ukuta umesogea.