Amri za Polisi: Nani Huziandika, Nani Huzibadilisha, Nani Huzisimamia

Askari anayemkimbiza mtu gizani hana muda wa kufungua kitabu. Ana sekunde chache, pengine moja tu. Atakachofanya katika sekunde hiyo kimeshaamuliwa kwa sehemu kubwa na watu waliokaa mezani muda mrefu kabla ya usiku huo, wakaandika lini silaha itolewe na lini ibaki kiunoni. Kazi yangu ni kusoma na kukagua maandishi hayo, yaani sera za idara za polisi. Naona wananchi wengi wanayajua kidogo mno, ilhali yanagusa maisha yao moja kwa moja.

Oktoba 1974, katika mji wa Memphis nchini Marekani, askari alimpiga risasi kijana wa miaka 15 aliyekuwa akipanda uzio kutoroka baada ya nyumba kuvunjwa. Kijana hakuwa na silaha, na askari mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuhusu hilo. Marehemu alikutwa na mkoba na dola 10. Sheria ya jimbo la Tennessee iliruhusu risasi ile. Sera ya idara ya polisi ilibana kidogo kuliko sheria, lakini nayo iliruhusu kumpiga risasi mvunja nyumba anayekimbia. Askari hakuchukuliwa hatua yoyote.

Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Machi 1985 majaji wakaamua kwamba polisi hawaruhusiwi kumuua mtu kwa sababu tu anakimbia, isipokuwa pale wanapokuwa na sababu ya kuamini kwamba ni hatari kubwa kwao au kwa wengine. Ndani ya hukumu ile kuna jambo ambalo mimi hulirudia kila ninapofundisha. Majaji walitazama pia sera za idara za polisi zenyewe, wakakuta kwamba nyingi zilikuwa zimeshajiwekea masharti makali kuliko sheria za majimbo yao. New York, kwa mfano, ilibana matumizi ya bastola mwaka 1972, na matukio ya askari kufyatua risasi yakapungua. Kwa hiyo idara hazikusubiri mahakama. Mahakama ndiyo iliyojifunza kutoka kwa idara.

Hapo ndipo sera inapokaa. Katiba na sheria hueleza kile ambacho askari akikivuka atashtakiwa. Sera ya idara huingia ndani zaidi na kueleza anachotakiwa kufanya hata pale ambapo sheria imenyamaza: atoe onyo kwanza, asikimbize gari kwa kasi katika mtaa wenye watu kwa sababu ya kosa dogo, amzuie mwenzake anayezidisha nguvu. Askari akivunja sera anaweza asiwe mhalifu mbele ya hakimu, lakini mwajiri wake ana haki ya kumpa onyo, kumshusha cheo au kumfukuza kazi.

Nani huandika? Inategemea nchi. Marekani ina vyombo vya polisi takriban 18,000, na kila kimoja kina kitabu chake, ndiyo maana jambo lililokatazwa katika mji mmoja linaweza kuruhusiwa ng'ambo ya mto. Huko Los Angeles, sera hupitishwa na bodi ya raia watano, na mkuu wa polisi huwajibika kwao. Uingereza na Wales zilichukua njia nyingine. Baada ya ghasia za Brixton, eneo la London, mwaka 1981 na miaka ya manung'uniko kuhusu watu kulazimishwa kukiri makosa, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1984 inayoambatana na kanuni za utendaji zinazofuatwa na polisi wote. Chini ya sheria hiyo, ofisa anayesimamia mahabusu hatakiwi kuwa ndiye anayepeleleza kesi ya mahabusu huyo. Na polisi wakipata ushahidi kwa kukiuka kanuni, jaji anaweza kuukataa. Sijui njia bora ya kumfanya mpelelezi aheshimu kanuni kuliko kumwonyesha kwamba akiikiuka, kesi yake inaweza kuanguka.

Sera hubadilishwa hukumu mpya inapotoka, sheria inapobadilika, au kifaa kipya kama kamera ya kifuani kinapoingia kazini. Mara nyingi mno hubadilishwa mtu akishakufa. Rasimu hupita kwa wanasheria, wakufunzi na chama cha askari, na katika idara zilizo wazi hutolewa kwa wananchi watoe maoni kabla haijasainiwa. Nashauri usiidharau hatua hiyo hata kidogo. Tarehe ya kuanza kutumika huandikwa juu ya ukurasa, na toleo la zamani huhifadhiwa, kwa kuwa askari huhukumiwa kwa toleo lililokuwapo siku ya tukio.

Ugumu wenyewe uko kwenye usimamizi. Polisi wa New York walikatazwa kumkaba mtu shingo tangu mwaka 1993. Mwaka 2014 mtu mmoja alikufa baada ya kukabwa na askari wakati wa kukamatwa, tukio lililorekodiwa kwa simu na kuonwa na dunia nzima. Askari yule alifukuzwa kazi Agosti 2019, miaka mitano baadaye. Katazo lilikuwa limeandikwa vizuri, halina utata. Lakini askari hujifunza kazi kwa kutazama kinachompata mwenzake aliyekiuka amri, na asipopatwa na lolote, maandishi yale hayana nguvu tena.

Kwa maoni yangu, mtu muhimu kuliko wote hapa ni msimamizi wa zamu. Yeye ndiye anayefika eneo la tukio, anayesoma taarifa ya matumizi ya nguvu, na anayeamua aisaini au aulize maswali. Taarifa tatu za askari mmoja zenye maneno yaleyale, "mtuhumiwa alikaidi", zinatakiwa kumshtua. Idara yenyewe ikishindwa kujisimamia, huingia mkono wa juu: tangu mwaka 1994 Wizara ya Sheria ya Marekani imekuwa na mamlaka ya kuifikisha mahakamani idara yenye mwenendo wa kuvunja haki za watu. Pittsburgh mwaka 1997 ilikuwa ya kwanza kuwekwa chini ya makubaliano ya namna hiyo yanayosimamiwa na mahakama, na sehemu yake kubwa ilikuwa kujenga mfumo wa kuwatambua mapema askari wanaorudia makosa. Los Angeles ilikaa chini ya usimamizi kama huo kuanzia 2001 hadi 2013.

Ukiwa na malalamiko dhidi ya askari, andika siku, saa, mahali na namba yake ya utambulisho ukiwa bado unakumbuka. Omba sera iliyokuwa ikitumika siku hiyo, si ya leo. Kisha uliza jambo ambalo wachache huuliza: msimamizi wa zamu alikuwa nani, na aliandika nini baada ya tukio.