Kuondoa oksijeni hakutoshi

Wengi huamini kwamba bakteria wa utumbo mpana wasiopenda oksijeni wanahitaji jambo moja tu: hewa hiyo iondolewe. Ukishaiondoa, gesi iliyobaki haijalishi. Si kweli, na kosa hili hupotosha matokeo ya maabara.

Tuanze na kabonidayoksaidi. Bakteria wa jenasi (kundi) Bacteroides, wakazi wa utumbo mpana, hawaitoi tu kama taka, huitumia pia. Huiunganisha na molekuli yenye kaboni tatu wakapata ya kaboni nne, na njia hiyo huwafikisha kwenye saksineti na propioneti, asidi wanazozitoa mwishoni mwa uchachushaji. Wakuze ndani ya naitrojeni tupu, bila kabonidayoksaidi wala baikaboneti, na ukuaji wao utadorora. Ndiyo maana vyumba vya kukuzia bakteria hawa kwa kawaida hujazwa mchanganyiko: naitrojeni kwa wingi, pamoja na kiasi kidogo cha kabonidayoksaidi na haidrojeni.

Haidrojeni nayo ina nguvu zake. Wapo bakteria wanaochachusha sukari na kutupa elektroni za ziada kwa kutengeneza gesi hii. Ikirundikana, njia hiyo huziba, nao hulazimika kutengeneza zaidi laktati au ethanoli badala ya asetati, ambayo ingewapa nishati zaidi. Utumboni, kijidudu kiitwacho Methanobrevibacter smithii huila haidrojeni hiyo: molekuli nne pamoja na moja ya kabonidayoksaidi hutoa methani na maji. Jirani anayechachusha hupata nafuu, kwa kuwa njia yake haizibi tena.

Hata oksijeni yenyewe si sumu kwa kila kiwango. Bacteroides fragilis huweza kunufaika nayo ikiwa kidogo mno.