Vituo viwili, viongozi wawili: kumfundisha kijana kuitazama runinga wakati wa siasa

Siku zilizofuata kura ya urais wa Kenya ya tarehe 9 Agosti 2022, Mkenya mwenye rimoti mkononi aliweza kumwona Raila Odinga akiongoza katika kituo kimoja, akabadilisha chaneli na kumkuta William Ruto akiongoza katika kingine. Picha za skrini hizo zilienea WhatsApp na kila upande ukasema kituo fulani kimenunuliwa. Kwa anayewafundisha vijana kuitazama runinga kwa makini, tukio hilo ni darasa zuri kuliko kitabu chochote, kwa sababu tofauti ile ingetokea hata kama hakuna aliyedanganya.

Sababu yenyewe ni hii. Baada ya kura kuhesabiwa, msimamizi wa kila kituo cha kupigia kura hujaza Fomu 34A, mawakala wa wagombea hutia saini, kisha picha ya fomu hutumwa kwa kutumia KIEMS, mtambo wa kielektroniki wa tume ya uchaguzi. Mwaka ule tume ya uchaguzi iliziweka picha hizo kwenye tovuti ambayo yeyote angeweza kuifungua. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Tovuti ilitoa picha za fomu tu, bila jumla ya kura za urais. Kila chumba cha habari kikalazimika kuweka watu wa kufungua fomu moja moja na kuandika tarakimu kwa mkono. Chumba kimoja kilianza na kaunti hizi, kingine na zile. Kimoja kilikuwa na watu wengi, kingine wachache. Siasa za Kenya zina ngome, basi aliyeanzia Nyanza, ngome ya Raila, na aliyeanzia Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, wasingeweza kupata picha moja. Tume ilipotangaza matokeo tarehe 15 Agosti, Ruto alikuwa na kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila 6,942,930, asilimia 48.85.

Ukimweleza kijana haya kwa maneno atasahau. Afadhali ayaone mezani, na gharama yake ni kikombe cha maharage na kikombe cha mahindi (ndiyo, githeri bado haijapikwa). Andaa bahasha 20, kila moja punje 10. Bahasha 10 za kwanza tia maharage 8 na mahindi 2. Nyingine 9 tia maharage 2 na mahindi 8. Ya mwisho tia maharage 4 na mahindi 6. Jumla ni maharage 102 na mahindi 98, ila usiwaambie. Gawa darasa vituo viwili vya runinga. Kituo cha kwanza kianze kuhesabu kutoka bahasha ya 1 kwenda mbele, cha pili kianze na ya 11 kwenda mbele kisha kirudi kumalizia zile za mwanzo. Simamisha zoezi baada ya bahasha 5. Kituo cha kwanza kitatangaza maharage asilimia 80, cha pili mahindi asilimia 80. Waache wabishane kidogo. Kisha endeleeni hadi bahasha 20 na wote watafika asilimia 51 kwa 49.

Kosa la kawaida katika zoezi hili ni kuchanganya bahasha kabla ya kuhesabu. Ukizichanganya, vituo vyote viwili vitakaribiana mapema na somo litapotea, kwani tatizo halisi ni kwamba matokeo hayafiki yakiwa yamechanganyika. Swali ambalo kijana anapaswa kuondoka nalo ni fupi: tarakimu hii imetoka vituo vingapi vya kupigia kura kati ya vingapi, na vya wapi? Skrini isiyojibu sehemu zote mbili haijamwambia nani anaongoza, hata rangi zake ziwe za kupendeza namna gani.

Baada ya tarakimu huja maneno, na hapa mwalimu wa Kiswahili ana mtaji ambao mara nyingi hautumii. Mwanafunzi wa sekondari amekwisha kufundishwa mnyambuliko wa vitenzi. Anajua kutenda, kutendwa na kutendeka. Asichoambiwa ni kwamba mhariri wa habari huchagua miongoni mwa kauli hizo kila jioni, na uchaguzi huo ndio unaoamua nani anaonekana na nani anafichika. Andika ubaoni:

Polisi waliwaua vijana wawili.
Vijana wawili waliuawa.
Vijana wawili walifariki katika ghasia.

Sentensi ya kwanza ina mtenda. Ya pili inakiri kwamba kuna aliyeua lakini haimtaji. Ya tatu imemwondoa kabisa, na vifo vimebaki kama mvua iliyonyesha. Vivyo hivyo, fedha za kaunti "zilipotea" au "ziliibwa". Daraja "limeharibika" au "limeharibiwa". Maandamano "yaligeuka kuwa ghasia", kana kwamba maandamano yana mikono na miguu yake. Wape vijana taarifa ya dakika mbili iliyonakiliwa kwa maandishi, wapigie mstari kila kitenzi, kisha pembeni waandike jina la mtenda. Pale pasipo mtenda waweke alama ya kuuliza.

Hapa pana mtego. Kijana akijifunza hili leo, kesho kila kauli ya kutendwa ataiita njama. Si kweli. Mwandishi anaweza kuwa hajui aliyefyatua risasi, na neno "inadaiwa" mara nyingi huwekwa kwa sababu mahakama haijaamua na kituo kinaweza kushtakiwa. Kwa hiyo kila alama ya kuuliza inahitaji swali la pili: je, saa ile taarifa ilipotangazwa, mtenda alikuwa amejulikana? Namna rahisi ya kujua ni kulinganisha na kituo kingine cha jioni hiyohiyo. "Duru za kuaminika" ni suala jingine. Chanzo kinaweza kuwa na haki ya kufichwa, lakini mtazamaji ana haki ya kuambiwa angalau ni mtu wa aina gani: afisa wa wizara, mfuasi wa mgombea, au shahidi aliyekuwa barabarani.

Kenya inatoa zoezi la lugha ambalo nchi nyingi hazina. Vituo vikubwa husoma habari kwa Kiswahili saa moja usiku na kwa Kiingereza saa tatu. Chukua kituo kimoja, habari moja ya siasa, taarifa zote mbili. Picha mara nyingi ni zilezile. Maneno ndiyo hubadilika. Saa moja watu waliokuwa barabarani huenda wakaitwa "vijana" au "wahuni", na saa tatu wakapewa jina jingine. Wanafunzi wahesabu: nani alisikika kwa sauti yake mwenyewe saa moja lakini si saa tatu? Nani alifupishwa na mwandishi? Pima kwa saa ya simu, sekunde kwa sekunde. Mwanasiasa aliyepewa sekunde 35 za kinywa chake na mpinzani wake aliyepewa "naye fulani alipinga madai hayo" hawakusikilizwa sawa, hata kama wote wametajwa.

Picha ifundishwe peke yake. Kipande cha sekunde 90 hadi dakika mbili kinatosha kipindi cha dakika 40. Mzunguko wa kwanza zima sauti, na kila mmoja aandike anachokiona tu: watu, mabango, mahali kamera iliposimama. Mzunguko wa pili funika skrini, wasikilize. Wa tatu waunganishe. Ndipo hugundua kwamba neno "maelfu" lilisikika huku kamera ikiwa imewakaribia watu 30 kifuani, au kwamba aliyeonekana akipiga makofi hakuwa akimpigia msemaji yule, picha ilikatwa tu ikabandikwa hapo. Mwalimu akianza na sauti na picha kwa pamoja, zoezi hufa, maana masikio huyaambia macho cha kuona.

Kuhusu umati, mfundishe kijana hesabu, si kukisia. Katika miaka ya 1960 mwalimu wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Herbert Jacobs, alihesabu wanafunzi walioandamana chini ya dirisha lake kwa kutumia miraba ya sakafu. Kwa vipimo vyetu, umati uliotawanyika una takriban mtu mmoja kwa mita moja ya mraba, uliosongamana zaidi ya wawili, na uliobanana hadi kushindwa kupita ni kama wanne. Uwanja kamili wa mpira, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140. Ukijaa kwa kubanana kabisa kutoka goli hadi goli unabeba watu wasiozidi 29,000 hivi. Mratibu wa mkutano akitangaza laki moja katika uwanja wa shule ya msingi, kijana anaweza kumjibu kwa penseli. Akumbuke pia kwamba lenzi ndefu huwasogeza watu pamoja, na kamera iliyowekwa kimo cha bega huficha nafasi tupu ambazo droni ingezionyesha.

Michoro haihitaji maelezo mengi. Wachore wenyewe matokeo ya 2022 mara mbili. Mara ya kwanza mhimili wa wima uanze sifuri, na nguzo mbili zitakaribia kulingana. Mara ya pili uanze 48. Nguzo ya Ruto itakuwa na kimo cha 2.49 na ya Raila 0.85, karibu mara tatu, na hakuna tarakimu hata moja iliyodanganya.

Kura za maoni zina sheria yake Kenya, ya mwaka 2012, inayomtaka mchapishaji aeleze mambo kama aliyelipia, idadi ya waliohojiwa, mbinu na kiwango cha kosa. Runinga huyapitisha hayo kwa herufi ndogo kwa sekunde tatu, kwa hiyo kijana asimamishe picha na ayasome. Sampuli ya watu 1,000 iliyochaguliwa vizuri ina kosa la takriban pointi 3 juu au chini. Ya 2,000 ni kama 2.2. Mgombea mwenye 46 na mwenye 43 katika sampuli ya 1,000 hawajapishana kwa uhakika wowote, kwa kuwa kosa la tofauti baina yao ni karibu maradufu. Hatari zaidi ni vipande vya mikoa. Kati ya watu 1,000, wa Pwani wanaweza kuwa 90 tu, na kwa idadi hiyo kosa hupanda hadi pointi 10. Mtangazaji anayesema "Pwani imemkataa fulani" kwa watu 90 anapiga ramli. Kura za maoni kadhaa za mwisho kabla ya Agosti 2022 zilimweka Raila mbele. Waliokuwa hawajaamua, ambao skrini huwabandika pembeni kwa rangi ya kijivu, nao walikuwa sehemu ya picha.

Kisha kuna taarifa ambayo haijatoka runingani ila imevaa sare yake. Mwishoni mwa Julai 2017 zilisambaa video mbili, moja yenye nembo ya CNN na nyingine ya BBC, zikidai kuripoti kura za maoni za Kenya. Mashirika yote mawili yalizikana. Nembo ndicho kitu rahisi kuiga kuliko vyote, kwa hiyo kijana asianzie hapo. Atafute habari hiyohiyo kwenye ukurasa rasmi wa kituo, asipoipata, asiisambaze. Kwa video ya tukio, achukue picha ya skrini ya fremu mbili tatu na kuzitafuta kwa Google Lens, zana ya kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha, akiangalia ya zamani kuliko zote. Vibao vya magari husaidia: vya kawaida vya Tanzania huanza na T, vya Uganda na U, vya Kenya na K. "Ghasia za Kisumu" zenye magari ya T tupu huenda zimetoka kwingine.

Mafunzo haya huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwalimu kuleta vipande vya upande asioupenda tu. Vijana humsoma kabla hajamaliza kuwasha projekta. Chagua vipande viwili viwili, kila upande kimoja, na vya uchaguzi uliopita kabla ya vya wiki hii. Ya pili ni mbaya zaidi: darasa kuondoka likisema "wote ni waongo". Huyo hajafundishwa kuchambua, amepewa kisingizio cha kutosikiliza. Kama kamera zingekuwa za uongo tu, serikali isingehangaika kuzima matangazo ya Citizen, NTV na KTN tarehe 30 Januari 2018, siku Raila alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" Uhuru Park. Kila zoezi liwe na safu mbili: kilichokosekana katika taarifa, na kilichothibitika. Safu ya pili ikibaki tupu wiki baada ya wiki, kosa ni la uchaguzi wa vipande.

Kundi likigundua kosa la kweli, liandike. Barua kwa mhariri isizidi nusu ukurasa: jina la kipindi, tarehe, dakika, maneno yaliyosemwa, na ushahidi wa kuyapinga. Kituo kisipojibu, Kamisheni ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari hupokea malalamiko ya umma. Weka nakala ya kipande chenyewe kabla ya kutuma, maana video huondolewa mtandaoni, na lalamiko lisilo na dakika wala nakala ni vigumu kulitetea.