Cheti kipya, mfuko mdogo: kupanga mbizi za kwanza Unguja kwa kufuata maji

Mtu akishapata cheti cha Open Water, yaani kile cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi, swali lake la kwanza huwa mbizi moja ni dola ngapi. Mimi nashauri aanze na kalenda ya mwezi. Anayezamia kwa mara ya tano au ya sita maishani mwake ananunua dakika za kukaa chini ya maji, na dakika hizo huliwa na vitu vitatu: mkondo, kina, na uzito uliozidi kiunoni. Mkondo ndio unaoweza kuukwepa ukiwa bado nyumbani, bila kutoa hata senti.

Wiki ipi

Unguja wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 4 hivi. Wakati wa maji mafu, siku za maji madogo, hushuka hadi mita moja na kitu. Maji yote hayo yana kama saa sita tu za kuingia au kutoka, kwa hiyo siku za bamvua hayana budi kukimbia, hasa yanapobanwa kati ya miamba na visiwa vidogo. Mzamiaji mgeni akikutana na mkondo hupiga mapezi kwa nguvu, hupumua haraka, na dakika ya ishirini mwongozaji anamwonyesha kidole gumba cha kupanda juu. Amelipa bei ileile aliyolipa mwenzake aliyekaa dakika arobaini na tano.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu hufuata mwezi wa nusu. Maji huchelewa siku moja au mbili nyuma ya mwezi, kwa hiyo ukitumia kalenda ya Kiislamu lenga tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24. Huhitaji programu ya simu kwa hili, ingawa jedwali la maji la Zanzibar linapatikana bure intaneti na ni vizuri kulitazama ujue saa kamili.

Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Siku za bamvua, maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kabisa karibu na saa nne asubuhi. Boti za kuzamia huondoka saa mbili au saa tatu asubuhi. Maana yake mbizi yako ya kwanza inaanguka maji yakitoka au yakiwa yamekupwa, yamebeba mchanga na uchafu wa pwani. Upande wa mashariki, Matemwe, Paje, Jambiani, utatembea juu ya majani ya bahari hadi mahali boti inapoweza kuelea. Siku za maji mafu saa zinageuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, yakiwa yametoka bahari kuu, safi, na yametulia. Hapo ndipo unapotaka kuwa chini.

Kuhusu majira, upepo wa kusi kati ya Juni na Agosti huchafua bahari upande wa mashariki na hupoza maji hadi nyuzijoto 25 hivi. Upepo wa kaskazi ukivuma kwa nguvu Desemba na Januari hupiga upande wa kaskazini. Masika, Aprili na Mei, mvua huharibu mwonekano na baadhi ya vituo hufunga. Kwa mwenye mfuko mdogo vipindi viwili vinafaa: Oktoba na Novemba wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, halafu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, maji yakiwa na joto la nyuzi 28 au 29. Vyumba vinapanda bei Julai, Agosti na wiki mbili za mwisho wa Desemba. Epuka hizo, utakuwa umeokoa pesa ya mbizi mbili.

Wapi pa kulala, wapi pa kuzamia

Picha zote zinakupeleka Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini-mashariki mwa Unguja. Ni pazuri, lakini kwa safari ya kwanza ya bei nafuu mimi napendekeza siku mbili za Mji Mkongwe kabla ya siku moja ya kaskazini. Boti kutoka Dar es Salaam inakushusha pale pale mjini, nyumba za wageni zipo za kila bei, chakula cha jioni unakipata Forodhani, na miamba iko karibu: Bawe, Murogo, na mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya iliyozama mwaka 1902 na iliyolala kwenye kina cha mita 12 tu. Hulipi gari la kuvuka kisiwa, na upande huu wa magharibi umekingwa kiasi na kusi. Mwonekano si wa Mnemba, hilo nakubali. Lakini mbizi mbili za kwanza baada ya cheti kazi yake ni kutuliza pumzi na kuzoea kuelea, na samaki wa Murogo wanatosha sana kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo panda daladala namba 116 hadi Nungwi. Ni mwendo mrefu na utakaa umebanwa, ila nauli yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya teksi. Ukienda Mnemba kutoka Nungwi au Matemwe, omba mwamba wa Wattabomi, ambao una sehemu nyingi zisizozidi mita 18. Mwamba uitwao Kichwani una ukuta na mkondo, usubiri. Mwamba wa Leven Bank, huko kaskazini, si wa kwako bado hata kama wenye boti wana nafasi moja na wanakushusha bei.

Nitaje na kwingine kwa kifupi. Pemba ina kuta za kina kirefu na mikondo kwenye mapito. Nenda ukishafikisha mbizi ishirini, thelathini. Mafia ni mahali pazuri mno pa mgeni ndani ya ghuba ya Chole, na usafiri wa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni ni nafuu kuliko ndege, ila ongeza ada ya hifadhi ya bahari ya kila siku kwenye hesabu. Upande wa Kenya, Kisite karibu na Shimoni panafaa kwa kina chake, wakati mabaki ya Funguo pale Diani yako karibu mita 28 na cheti chako kinakomea 18. Watamu usipange miezi ya kusi.

Hesabu ya hewa, ambayo ndiyo hesabu ya pesa

Mtungi wa alumini wa kawaida hubeba lita 11.1. Ukijazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) na ukirudi juu na 50 za akiba, unazo bar 150 za kutumia, yaani lita 1,665 za hewa. Mgeni aliyetulia hutumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Wengi huvuka hapo. Kwenye mita 18 shinikizo ni bar 2.8, kwa hiyo lita 20 zinakuwa 56, na mtungi unakupa dakika 29. Kwenye mita 12 ni bar 2.2, lita 44, dakika 37. Kwenye mita 10 zinakuwa dakika 41.

Kama mbizi mbili zimekugharimu dola 120, ile ya mita 18 imekuuzia dakika kwa bei ya juu zaidi ya theluthi kuliko ile ya mita 10. Na kule juu ndiko kwenye mwanga, rangi na matumbawe mengi. Kwa hiyo usione aibu kumwambia mwongozaji asubuhi kwamba ungependa kukaa kati ya mita 8 na 14. Waongozaji wazuri wanafurahi kusikia hivyo, maana hata wao hawapendi kupanda mapema kwa sababu ya mtu mmoja aliyeishiwa.

Bei iliyoandikwa na bei utakayolipa

Kwa mbizi mbili za boti Unguja mara nyingi utaona kati ya dola 100 na 150. Tofauti hiyo haina maana mpaka ujue ndani yake kuna nini. Vituo vya bei ya chini huongeza vifaa, kompyuta ya mbizi (ya mkononi, ya kufuatilia kina na muda), ada ya hifadhi, chakula cha mchana, na makato ya kulipa kwa kadi, na mwisho unamzidi jirani aliyekuwa anaonekana ghali. Andika ujumbe mmoja wa WhatsApp, upeleke kwa vituo vitatu au vinne, uulize jumla ya mwisho kwa mtu asiye na kifaa chochote. Kama wewe ni Mtanzania, Mkenya au una kibali cha ukaazi, uliza waziwazi bei ya wakazi. Mara nyingi ipo lakini haitangazwi. Ada za hifadhi nazo hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho hadi kwenye boti.

Katika ujumbe huohuo uliza mambo ambayo si ya pesa. Mwongozaji mmoja anachukua watu wangapi? Zaidi ya wanne kwa wageni ni wengi, kwa sababu kundi zima hupanda pale wa kwanza anapoishiwa hewa. Boti inabaki juu yetu au inatia nanga na sisi turudi kuitafuta? Oksijeni ya dharura ipo ndani ya boti yenyewe au imebaki ofisini? Chumba cha shinikizo, cha kutibu mzamiaji aliyepata viputo vya naitrojeni mwilini, cha karibu kinachofanya kazi kwa sasa ni kipi? Anayejibu haya upesi na bila kuudhika ana thamani ya dola kumi za ziada. Anayekwambia “hakuna matata” tu, endelea kutafuta.

Bima usiibane. Bima nyingi za safari hazigusi kuzamia kabisa, au zinakomea kwenye kina cha cheti chako. Soma kipengele hicho kwanza. Kama hakipo, uanachama wa DAN (Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji) ndio wengi wetu tunaotumia, kwa sababu gharama inayofilisi watu ni ndege ya kumsafirisha mgonjwa.

Kifaa cha kununua mwanzoni ni miwani. Ile ya kukodi ikivuja, nusu ya mbizi inaishia kwenye kuitoa maji, na kila kuitoa maji ni hewa. Ijaribu dukani bila mkanda: iweke usoni, vuta pumzi kwa pua, ikibaki imeshika imekufaa. Ikiwa mpya, sugua vioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe mara tatu nne kuondoa utando wa kiwandani, la sivyo itapata ukungu kila siku. Kompyuta inafuata ukishajua kwamba mchezo huu umeuingia kweli. Vingine vyote vikodi.

Siku ya kurudi

Hapa ndipo wanaobana matumizi hukosea, kwa sababu wanajua sheria ya ndege lakini hawajui kwamba mlima nao ni ndege. Baada ya mbizi za siku kadhaa mfululizo, mwongozo ni kusubiri saa 18 kabla ya kuruka, na mimi naweka 24. Sababu ni naitrojeni iliyoyeyuka mwilini: shinikizo la hewa likipungua upesi, hutoka kama viputo. Mwongozo huo unahesabu mwinuko wowote unaozidi mita 600. Sasa tazama treni ya Mombasa kwenda Nairobi: unapanda usawa wa bahari, unashuka zaidi ya mita 1,600 juu, kwa saa tano au sita hivi. Arusha ni kama mita 1,400, Dodoma kama 1,100. Dar es Salaam na Tanga hazina shida. Basi la usiku baada ya mbizi ya mchana ni kosa, hata kama tiketi ilikuwa nafuu.

Kwa hiyo mpango wa siku tano unakaa hivi: siku ya kufika hakuna mbizi, siku mbili zinazofuata mbizi mbili mbili, siku ya nne ni kavu, ya tano unasafiri. Ukiweka siku ya tatu ya mbizi, ongeza usiku mmoja. Dawa ya kichefuchefu cha bahari, kama unaihitaji, imeze usiku wa kuamkia mbizi. Ukisubiri boti ianze kuyumba umechelewa. Ukiwa na mafua, usijaribu kununua njia kwa dawa za kufungua pua: zikiisha nguvu ukiwa chini, masikio yatakukwamisha wakati wa kupanda.

Kilichobaki ni risasi za mkandani, yaani vipande vya uzito vya kukusaidia kushuka. Waliofunzwa kwenye bwawa huja na kilo walizozizoea kule, halafu maji ya chumvi hayawaachii kushuka. Wengi huhitaji kilo 2 hadi 3 zaidi. Mabaharia, ili wasichelewe, hukutupia kilo 4 za ziada, nawe unatumia mbizi nzima ukijaza hewa kwenye jaketi la kuelea ili usikwaruze matumbawe. Omba dakika mbili za kupima kabla ya kushuka: jaketi tupu, pumzi ya kawaida imeshikwa, maji yakae usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame taratibu. Mtungi ukiwa umejaa ongeza kama kilo 2, kwa kuwa ule wa alumini huanza kuelea hewa inapopungua. Kisha andika kwenye daftari la mbizi kilo ulizotumia, aina ya mtungi na unene wa suti, maana kituo kinachofuata watakuuliza hilo kabla ya jina lako.