Setelaiti haihitaji jua ili ione barafu ya bahari

Hapa Mtwara vijiweni kuna hoja hairuhusu watu wapumzike, eti kule Aktiki, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, miezi ya baridi ni giza tupu na mawingu juu, sasa setelaiti inapiga picha gani, si wanabuni tu? Wakuu, shida ni kudhani kila setelaiti ni kamera kama ya simu. Za kamera zipo kweli, na hizo wingu likitanda basi tena. Ila kazi kubwa inafanywa na vipokezi vya maikrowevu, yaani mawimbi ya jamii ya redio, kila kitu kinatoa mionzi hiyo hafifu chenyewe bila kumulikwa, na barafu ya bahari inatoa mingi kuliko maji yaliyo wazi, hata kama maji ndo yana joto zaidi, kwa hiyo hata usiku mnene wenye mawingu barafu inajulikana imeishia wapi, na rekodi hiyo inaenda tangu mwishoni mwa 1978.

Ubaya wake picha ina chenga, doa moja lina upana wa kama kilomita 25, yaani Mtwara mjini mpaka Mikindani yote inamezwa humo na nafasi inabaki. Nahodha hawezi kupita na ramani hiyo, ndo maana kuna setelaiti za rada kama Sentinel-1, inatuma mawimbi yenyewe na kupokea yanayorudi, hadi nyufa unaziona.

Utabiri wa barafu sasa ni kitu kingine, ramani ya leo inaingizwa kwenye modeli, yaani hesabu za kompyuta, pamoja na upepo, mikondo na joto la maji. Wa siku chache nauamini, wa Septemba uliotolewa Mei nausoma kwa tahadhari, upepo ukigeuka tu hesabu inayumba.